Mzee Kipngeno Asimamisha Bunge

Sehemu ya Tisa

"Mimi niko na pingamizi!"

Ndiyo, wasomaji, hapo ndipo nafasi iliponiishia wiki jana. Nasikia kule Chepseon muuza magazeti mmoja nusura apigwe, watu wakidai ameficha ukurasa uliobaki. Mwacheni maskini. Anayekata ni mhariri, wala haniulizi.

Haya, turudi tulipokuwa. Bunge la taifa, Nairobi, Jumatano saa kumi na robo. Roshani ya wageni imejaa kina mama wa Chepseon waliotoka kwao alfajiri kwa basi la kukodi. Na katikati ya roshani hiyo, mahali ambapo mgeni haruhusiwi hata kukohoa kwa nguvu, amesimama mzee Kipngeno, mkono juu, koti la Jumapili limefungwa vifungo vyote.

Chini yake, Mswada wa Kuandikisha Wakulima wa Chai unasomwa mara ya pili. Kwa wewe uliyejiunga nasi leo: sheria hii ikipita, mke anayelima na kuchuma majani ataandikishwa kiwandani kwa jina lake, apewe namba yake ya mkulima, na bonasi ya Oktoba ije mkononi mwake. Isipopita, namba inabaki ya mume, na bonasi pia.

Na bonasi ya mwaka huu mzee Kipngeno ameshaipangia harusi. Bibi harusi anaitwa Fancy, anauza mitumba Kericho mjini. Cheptoo, mke aliyeishi naye miaka kumi na tisa, aliyepanda kila mche wa chai ile kwa mkono wake, habari za harusi alizipata kisimani kama watu wengine.

"Nani huyo?" Spika aliuliza, miwani ikimshuka puani.

"Ni mimi, mwenye majani!"

"Keti chini!"

"Siwezi kukaa, Bwana Spika. Kwanza uniulize sababu."

Msimfikirie vibaya. Mzee hakuwa amelewa, wala kichwa hakikuwa kimemruka. Ni katekista Lazarus aliyemweleza kule nyumbani kwamba mswada husomwa mara tatu ndipo uwe sheria. Mara tatu! Kipngeno akadaka hapo hapo. Si hata matangazo ya ndoa husomwa kanisani Jumapili tatu, na mwenye pingamizi husimama akalisema, ama anyamaze milele?

Na kama kuna mtu Kericho nzima anayejua kusimama, ni yeye. Mwaka wa themanini na nane alisimama kanisani kule Kabianga akazuia ndoa ya binamu yake mwenyewe kwa sababu ya ng'ombe mmoja wa mahari ambaye hakuwa amefika. Bwana harusi alingoja miezi sita na suti yake. Watu wanaizungumzia mpaka leo. Sasa mtu kama huyo ashindwe na mswada?

"Askari!" Spika aliita. "Mtoeni huyo mgeni!"

"Ara! Hata sababu hamtaki kusikia? Kwetu padri huuliza sababu, halafu anaandika!"

Wabunge walianza kucheka. Askari wawili wakamshika makwapa. Mzee akaishika reli ya roshani kwa mikono miwili, na mikono ile imevuta ng'ombe kwenye matope tangu utotoni. Askari walivuta. Reli ikalia. Mzee hakuachia.

"Rungu langu mmeninyang'anya pale langoni," alilalamika, "na lenu lile la Spika mmelilaza juu ya meza kila mtu analiona! Hiyo ni haki gani?"

Hapo hata karani wa Bunge alificha uso nyuma ya makaratasi.

Kisha mzee akamwona mke wake safu ya mbele. "Mama Chepchumba! Waambie hawa watu mimi ni nani!"

Cheptoo alivuta leso ikamfunika mpaka machoni. Mtu huyu alikuwa amemwambia anakwenda Londiani kuangalia ndama.

Kando yake aliketi Bochaberi, jirani yake, Mkisii aliyehamia Chepseon miaka mingi na ambaye haogopi mtu. Askari wa tatu alimwinamia Bochaberi akamnong'oneza, naye akamgeukia Cheptoo.

"Ananiuliza kama huyu mzee ni wetu. Nimwambieje?"

"Mwambie tunamjua kwa sura."

Wakati huo, chini ukumbini, Mheshimiwa Nicholas Kiptanui alikuwa ameshika kichwa. Huyu ndiye mbunge wao, na mswada ni wake. Kijana mwembamba, ndiyo kwanza awe mbunge, na koo lilikuwa limemkauka kwa kuzungumza tangu saa tisa. Lakini hakuwa akimlilia mzee. Alikuwa akihesabu vichwa.

Bunge haliwezi kuamua jambo wabunge wakipungua thelathini. Mradi hakuna anayelalamika, Spika huendelea tu. Saa hiyo walikuwemo ishirini na mmoja, na mmoja wao alikuwa amelala.

Mtu wa kulalamika alikuwepo. Mheshimiwa Kepher, mnene, mwenye sauti ya upole, ekari mia tatu za chai na wake watatu, alikuwa amekaa tangu mchana akiangalia saa yake ya dhahabu. Marafiki zake wote amewapanga kwenye chumba cha kulia. Amewanunulia kuku. Amewaambia kengele ikilia wasisikie. Spika atakapotaka tu kuuliza swali la mwisho, yaani kupigisha kura, Kepher atasimama na kusema hatufiki thelathini. Kengele italia, hakuna atakayekuja, na Bunge litakwenda nyumbani. Kesho ni siku ya mwisho kabla ya likizo ndefu. Mswada utakufa kwenye droo, na Oktoba itawakuta kina mama vile vile walivyo.

Mpango mzuri kabisa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, na kasoro hiyo ilikuwa imeshikilia reli.

"Kuna mzee anapigana na askari kule juu kwa wageni!" mhudumu mmoja alipasha habari mlangoni mwa chumba cha kulia.

Jamani! Kengele ya Bunge waheshimiwa hawa wanaweza kutoisikia mwezi mzima. Lakini vita? Viti vilirudi nyuma. Mmoja alitoka na kitambaa cha mezani shingoni. Mwingine alikosa pa kuweka paja la kuku, akalitia mfukoni mwa koti pamoja na mafuta yake. Waliingia ukumbini wakisukumana, shingo zimenyooka kuelekea juu, kila mmoja akiuliza, "Yuko wapi? Yuko wapi?"

Mheshimiwa Kepher hakuona lolote. Alikuwa ameketi mbele, macho kwa Spika, akingoja dakika yake. Aliposikia Spika anakohoa kutaka kuuliza swali, akasimama taratibu.

"Hoja ya nidhamu, Bwana Spika. Nasema kwa masikitiko makubwa sana. Ukumbi huu ni mtupu. Hatufiki thelathini."

Spika alimwangalia, akaangalia nyuma yake.

"Mheshimiwa, hebu geuka."

Kepher akageuka. Arobaini na wanane! Marafiki zake wote aliowanunulia kuku, wamesimama, wamemeza mate, wanaangalia roshani. Akakaa.

Nicholas Kiptanui hakungoja aambiwe. "Bwana Spika, naomba swali liulizwe sasa hivi!"

Na Spika, ambaye alitaka kelele ziishe, akaliuliza. "Wanaokubali waseme Ndiyo!"

"Tunapiga kura ya nini?" aliuliza yule wa kuku.

"Nafikiri ni ya kumtoa mzee," alijibu yule wa kitambaa.

"Ah, hiyo sawa. NDIYOOO!"

"NDIYOOO!" wakajibu wenzake.

"Wanaokataa?"

"La," alisema Mheshimiwa Kepher. Akaungwa mkono na yule aliyekuwa amelala, ambaye alikuwa ameshtuka tu.

"Walio na Ndiyo ni wengi. Mswada umesomwa mara ya pili. Kesho unakwenda kwenye Kamati."

Kule juu kupiga vigelegele ni marufuku. Bochaberi alijaza leso yake mdomoni mpaka machozi yakamtoka. Cheptoo alibaki ameketi wima, mikono magotini, akiogopa kwamba akipumua vibaya watabadilisha. Naye Kipngeno, aliposikia ule mngurumo wa Ndiyo, alidhani Bunge zima limekubali pingamizi lake. Akaachia reli kwa hiari yake, akawapungia mkono waheshimiwa, akatolewa nje akitabasamu.

Walimweka kwenye chumba cha askari, ghorofa ya chini, juu ya benchi. Mkuu wa zamu alikuwa Sajini Kemuma, mtu wa maneno machache. Alileta fomu. Mgeni aliyeleta fujo haachiliwi mpaka mtu anayemfahamu atie sahihi ya kumdhamini.

Kwa hiyo akaitwa Cheptoo. Saa kumi na moja na dakika tano akaingia, na Bochaberi nyuma yake, maana Bochaberi hawezi kukosa kitu kama hicho.

"Umeona?" Kipngeno aliinuka, kifua mbele. "Nimesimamisha Bunge!"

"Umesimamisha watu kula, Baba Chepchumba," Cheptoo alisema. "Mheshimiwa Nicholas ametueleza yote. Walikuwa hawatoshi. Mswada ulikuwa unakufa. Ulipoanza kupiga kelele, wakaja wote kukuangalia wewe, wakatosha, ukapita."

Mzee alimwangalia Sajini Kemuma. Sajini akatikisa kichwa kukubali.

"Ume... umepita?"

"Umepita. Kina mama wananiambia nikusalimie. Wanasema asante sana."

Kipngeno alirudi kwenye benchi pole pole. Bochaberi alianza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta.

Lakini Cheptoo hakucheka. "Mimi nina hasira na wewe mpaka tumbo linauma," alisema. "Ulisema unakwenda Londiani. Umenidanganya ili uje huku mbele ya watu wa nchi nzima useme mimi nisiandikwe. Ile chai nimeipanda mvua ikininyeshea, Chepchumba mgongoni, anaharisha. Wewe ulikuwa wapi? Huyo Fancy simlilii. Oa hata watano. Lakini si kwa majani yangu!"

"Ni majani yetu," mzee alisema, ingawa kwa sauti ya chini.

"Basi kaa hapa na majani yetu."

"Mama," Sajini Kemuma aliingilia, "tia sahihi tu umpeleke. Mimi natoka zamu saa kumi na mbili."

Cheptoo alichukua kalamu. Kabla haijagusa karatasi, mlango ulifunguliwa kwa kishindo.

"Usimwachilie bado!"

Alikuwa Nicholas Kiptanui, tai imekwenda mgongoni, karatasi mkononi.

"Kepher ameleta badiliko," alisema, akihema. "Kesho kwenye Kamati anataka kifungu cha nne kifutwe. Kifungu cha nne ndicho mswada wenyewe, mama! Hicho ndicho kinampa mke namba. Anasema hakuna mume hata mmoja Kericho wala Bomet anayekitaka. Wabunge wengi wanamwamini, kwa sababu hata wao ni waume. Nahitaji mume mmoja. Mmoja tu, mkulima wa chai, aandike kwamba anakubali. Karatasi ni hii hapa, niiweke mezani kesho. Karani lazima aipokee leo, na ofisi anaifunga saa kumi na mbili, na basi lenu limejaa wake tupu. Mume wa kutoka kwetu aliye ndani ya jengo hili ni mmoja."

Wote walimgeukia mume huyo. Alikuwa akisugua goti.

"Wewe Mheshimiwa," Bochaberi alisema, "kwa wanaume wote wa dunia umekosa mwingine?"

"Nimekosa."

"Nami pia nimekosa mwingine," ilisema sauti ya upole mlangoni.

Mheshimiwa Kepher aliingia. Mkono mmoja alikuwa na rungu la mzee, mkono wa pili karatasi iliyopigwa taipu tayari.

"Mzee wangu! Shujaa wa chai! Rungu lako hili hapa, nimekutolea langoni mwenyewe. Na hii hapa ni sauti yako. Inasema wewe, mwenye majani, hutaki namba yako igawanywe. Tia jina, kijiji na namba ya mkulima. Kesho nitaisoma mbele ya Bunge zima, tena kwa kituo, ili wasikie. Halafu dereva wangu atakurudisha kwa Mercedes. Mpaka Kericho. Mpaka mlangoni pa duka la yule mchumba wako."

Macho ya mzee yaling'aa. "Na wewe, Mheshimiwa Nicholas, unanipa gari gani?"

"Basi," Nicholas alisema. "Pamoja na kina mama."

Kipngeno aliwaza kina mama arobaini na wawili, kutoka Nairobi mpaka Chepseon, saa tano njiani. Akaichukua kalamu ya Mheshimiwa Kepher.

Cheptoo aliketi kwenye kiti cha Sajini. Miaka kumi na tano ya kuamka saa kumi na moja alfajiri, na sasa inaishia hapa, kwenye chumba cha askari, akiona kwa macho yake.

Mzee aliandika jina lake, herufi moja moja. Akaandika Chepseon. Akafika kwenye mstari wa tatu, namba ya mkulima.

Kalamu ikasimama.

Akaangalia dari. Akaangalia dirisha. Akasafisha koo.

"Namba, mzee," Kepher alimhimiza.

"Namba iko kwa kadi."

"Na kadi iko wapi?"

"Iko nyumbani."

"Lakini si unaijua? Ni yako."

"Naijua sana. Inaanza na sita."

"Ya pili?"

"Hata ya pili iko."

Saa ya ukutani ilisema kumi na moja na nusu. Kepher alinyakua simu ya mezani akapiga kiwandani. Iliita, ikaita. Kiwandani ofisi hufungwa saa kumi na moja kamili, na karani wa huko hawezi kungoja hata Rais.

"Andika yoyote," Kepher alinong'ona.

Sajini Kemuma alikohoa. "Mheshimiwa, namba ya uongo kwenye karatasi ya Bunge ni kesi. Na mimi niko hapa."

"Hata karatasi yangu inataka namba," Nicholas alisema kwa unyonge.

Basi mmoja baada ya mwingine wakamgeukia Cheptoo.

Ninyi mnaopeleka majani kituoni mnajua. Kila siku ya kupima, karani wa mizani huita namba, haiti jina. Anayebeba kikapu ndiye anayeitika. Cheptoo ameitika namba ile kwenye jua na kwenye mvua ya mawe, miaka kumi na tano. Siku aliyokwenda kujifungua mtoto wake wa tatu, nesi alimuuliza jina, naye kwa uchungu akamtajia namba ya mkulima. Nesi akaiandika. Mzee Kipngeno, mwenye majani, hajawahi kusimama kwenye foleni ile hata mara moja.

"Mama Chepchumba," alisema taratibu. "Namba yetu ni ngapi?"

Cheptoo aliinuka. Alichukua karatasi ya Kepher akailaza mezani, akachukua ya Nicholas akailaza kando yake.

"Namba naijua," alisema. "Chagua karatasi kwanza. Ukichagua hii ya Mheshimiwa Kepher, mimi napanda basi sasa hivi, na namba uitafute wewe mwenyewe mwenye majani. Ukichagua hii ya Mheshimiwa Nicholas, nitakutajia pole pole, uandike kwa mkono wako."

"Mama, tuzungumze kidogo," Kepher alianza.

"Mimi sizungumzi na wewe, Mheshimiwa. Nazungumza na bwana yangu."

Bochaberi aliziba mdomo. Nje, dereva wa basi alipiga honi. Mzee aliangalia ile karatasi ya taipu nzuri, na kupitia dirishani akaiona Mercedes, nyeusi, imeoshwa. Akaangalia mikono ya mke wake juu ya meza. Vidole vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa majani, weusi ule usiotoka hata kwa sabuni, na ukucha mmoja haukuwepo. Hakujua ulitoka lini. Alitaka kuuliza, akaona haya kuuliza mbele ya watu.

"Zimebaki dakika kumi," Sajini Kemuma alisema.

Jasho lilimtoka mzee chini ya koti la Jumapili. Aliuma mdomo. Akanyoosha mkono juu ya meza, akaivuta karatasi moja kwake, akaifunika kwa kiganja.

"Taja," alisema.

Cheptoo aliinua kile kiganja aone ni karatasi gani. Machozi yakamtoka, na akamnyang'anya kalamu. Na hapa tena mhariri amenikata; tukutane wiki ijayo.